John Kani: ukiacha Black Panther huyu mzee ana nini kingine?

Chale_Mbili
Wakuu heshima kwenu. Nimerudia kuangalia Captain America: Civil War ile ya 2016, nikakwama pale T'Chaka, mfalme wa Wakanda ile nchi ya kubuni, anapoongea na mwanae muda mfupi kabla bomu halijalipuka Vienna. Yule mzee yuko kwenye muvi kidogo sana halafu anakufa, ila sauti yake na ule utulivu vinabaki kichwani kuliko fujo zote za mbele. Nikagugo, kumbe anaitwa John Kani, msauzi, wanamwita gwiji wa jukwaa na ana tuzo ya Tony, ile kubwa ya michezo ya jukwaani Marekani. Sasa nikipitia orodha ya muvi zake naona ni baba wa fulani, mzee wa busara wa sehemu fulani, sauti ya Rafiki kwenye Lion King ya 2019. Ndo ugwiji wenyewe huo au kuna vitu mimi sivioni? Wanaomjua nisaidieni, nianzie wapi? Na hivi mtu anaweza kuwa mkali jukwaani na mbele ya kamera sawasawa, au lazima upande mmoja upwaye?

Bi_Tungo
Mkuu swali zuri ila umemshika kwenye mkia. Mzee kazaliwa New Brighton, Port Elizabeth, mji ambao siku hizi unaitwa Gqeberha. Kabla ya hizo tuzo alikuwa kibarua kwenye kiwanda cha magari cha Ford hapohapo mjini, na mwaka 1965 akajiunga na kikundi cha Serpent Players, ambacho mahali pao pa kwanza pa kuigizia palikuwa shimo la zamani la kufugia nyoka, ndo maana ya hilo jina. Walikuwa wafanyakazi tu, mchana kazini jioni mazoezi, pamoja na mwandishi mzungu Athol Fugard.

Mwaka 1972 yeye, mwigizaji mwenzake Winston Ntshona na Fugard wakatengeneza Sizwe Banzi Is Dead wakaionyesha The Space kule Cape Town. Kisa chake: jamaa kaja mjini kutafuta kazi, kitabu chake cha pasi, kile kitambulisho ambacho sheria za ubaguzi zilimlazimisha mtu mweusi kutembea nacho, hakimruhusu kukaa, usiku yeye na mwenyeji wake wanakuta maiti njiani na mfukoni mwake kuna kitabu ambacho mambo yake yako sawa. Basi wanahamisha picha. Jamaa akitaka kulisha familia inabidi akubali jina lake life, aishi kwa jina la marehemu. Na kabla hujalia unacheka, unacheka sana tu. Mwaka uliofuata wakatengeneza The Island, zote mbili zikaenda London halafu Broadway, na 1975 Kani na Ntshona wakapewa Tony ya mwigizaji bora kwa pamoja, tuzo moja watu wawili, kwa michezo yote miwili.

Halafu sikia hii. Sheria za ubaguzi wa rangi za wakati ule hazikuwa na kazi inayoitwa mwigizaji kwa mtu mweusi, kwa hiyo ili waweze kufanya kazi na Fugard kwenye makaratasi waliandikishwa kama watumishi wake wa nyumbani. Gwiji wa Broadway, karatasi zinasema mtumishi.

Chale_Mbili
Bi Tungo umeniacha mdomo wazi. Ila michezo miwili ya zamani sana ndo inamfanya awe anabadilika kiasi hicho? Maana neno wanalotumia wote ni kwamba anacheza chochote.

Fundi_Taa
Nijibu hilo mimi, nimefanya kazi nyuma ya jukwaa miaka kadhaa na ile ngwe ya mwanzo ya Sizwe Banzi ndo tunayowapa vijana wakidhani kuigiza ni kukariri maneno.

Mchezo unaanza na jamaa mmoja, Styles, mwenye studio ya picha. Ana meza, kiti, gazeti. Anasoma gazeti, anapiga soga na watazamaji, kidogokidogo anaingia kwenye stori ya zamani alipokuwa kiwandani Ford siku tajiri mwenyewe Ford alipokuja kutembelea. Sasa hapo mwigizaji ni mmoja tu lakini anakuwa bosi mzungu anayehangaika, anakuwa wafanyakazi wanaofagia kiwanda ambacho hakijawahi kufagiwa, anakuwa yeye mwenyewe Styles anayetafsiri maneno ya bosi kwa wenzake, na kila akitafsiri anachomekea mambo yake, bosi hajui kitu anatikisa kichwa tu. Hakuna kubadili nguo, hakuna taa ya kukwambia sasa ni mtu mwingine, ni bega limeshuka, shingo imekakamaa, sauti imepanda pua, unamwona mtu mpya. Anaenda hivyo muda mrefu mwenzake hajatokea hata jukwaani. Na Kani alikuwa analetewa gazeti la siku hiyohiyo, anatania habari za leo za mji ule, kwa hiyo hakuna usiku uliofanana na mwingine. Kumbuka pia hicho kiwanda alikijua, hakusimuliwa.

The Island ni kinyume kabisa. Inaanza bila neno. Wafungwa wawili Robben Island, lile gereza la kisiwani la wafungwa wa siasa, wanachota mchanga, huyu anajaza toroli anamwaga kwa mwenzake, mwenzake anajaza anamwaga kwa huyu, mchanga hauishi. Na mchanga wenyewe haupo! toroli halipo, koleo halipo, ni miili tu, mpaka mtazamaji anaanza kutafuta namna ya kukaa kwenye kiti. Baadaye wanafanya mazoezi ya Antigone, mchezo wa kale wa Kigiriki wa msichana anayemkaidi mfalme, kwa ajili ya tamasha la gerezani, Kani ndo anakuwa mfalme Creon, Ntshona anavaa wigi anakuwa huyo msichana. Katikati huyu wa Kani anapata habari kifungo kimepunguzwa, imebaki miezi mitatu, inabidi afurahi mbele ya rafiki yake ambaye ana kifungo cha maisha. Furaha unayoionea aibu, hebu jaribu kuiigiza hiyo uone.

Kwa hiyo kaka Chale ukiuliza anabadilikaje, jibu ni kwamba alijifunzia mahali ambapo hapakuwa na kitu kingine cha kubadilisha isipokuwa yeye.

Kijana_wa_Reli
naomba kuharibu sherehe kidogo. jukwaani sawa, sipingi, ila sinema haijamtendea haki na tuseme ukweli. 1996 yumo kwenye The Ghost and the Darkness, ile ya simba wa Tsavo wa 1898, Val Kilmer na Michael Douglas ndo wanawinda, yeye anaitwa Samuel, ndo anasimulia stori na anamfuata mzungu nyuma. 1978 kwenye The Wild Geese yeye ni sajenti kwenye kikosi cha mamluki. halafu nywele zikaanza mvi basi ikawa wazee wa heshima mpaka kesho, mfalme huyu, jenerali yule. mtu aliyekuwa anacheza watu kumi na gazeti moja unampa mstari mmoja wa busara halafu unamuua. jukwaa lilimpa mwongo, mchekeshaji, muuaji mwenye wivu, mfungwa, mtumishi mwenye hila. sinema ikasikia ile sauti nzito ikasema huyu ni baba. kwangu mimi Hollywood ilinunua redio ikawa inasikiliza stesheni moja

Bi_Tungo
Kijana wa Reli nakubali nusu. Ukitaka kuona hao wengine tafuta Othello ya Shakespeare iliyochezwa Market Theatre, Johannesburg, 1987, aliyeongoza ni Janet Suzman. Othello mweusi na Desdemona mzungu, wanashikana na kubusiana jukwaani, Afrika Kusini ya mwaka huo. Na miaka miwili nyuma alishafanya Miss Julie na mwigizaji mzungu Sandra Prinsloo, mapenzi ya bibi na mtumishi wake, wazungu wakanyanyuka kwenye viti wakatoka. Hiyo Othello ilirekodiwa kwa ajili ya televisheni, inaonekana ni mchezo wa jukwaani kabisa, usitegemee mambo ya sinema, ila kamera iko karibu na uso na hapo utajua kama anapwaya au hapwayi. Mimi naona hapwayi. Mwanzoni ametulia mno hadi unamwonea huruma mapema, ukifika katikati mwili unaanza kumsaliti kabla ya maneno.

Mzee_Kipara
Wanangu nimesoma kimya naona mmesahau kitu. Mnasema T'Chaka ni mstari mmoja halafu anakufa. Ile sehemu skripti ilikuwa ya Kiingereza. Kani ndo aliyependekeza kwamba huyu baba na mwanae wakiongea wenyewe waongee Kixhosa, lugha yake ya kuzaliwa, waongozaji wakakubali, na Chadwick Boseman akajifunza mistari yake kwa Kixhosa. Kutokana na hapo ilipotengenezwa Black Panther ya 2018 Wakanda nzima ikaongea Kixhosa. Sasa huyo ni mzee wa kupita? Mtu kapewa nafasi ndogo akaacha nchi nzima inaongea lugha ya kwao. Hiyo ni akili ya mtu wa jukwaani, aliyezoea mchezo kutengenezwa na waigizaji wenyewe, hasubiri aambiwe.

Na yule T'Chaka kijana wa 1992 kwenye Black Panther ni Atandwa Kani, mtoto wake wa kumzaa. Huyohuyo Atandwa alishasimama pia kwenye nafasi ya baba yake kwenye Sizwe Banzi, baba mtu ndo akiongoza. Hebu fikiria shikamoo za mazoezi hayo.

Kijana_wa_Reli
hahaha shikamoo mzee. hiyo ya kixhosa nakupa, pointi kubwa. ila bado nasema aliilazimisha yeye, hakupewa

Fundi_Taa
Na hiyo ndo kazi yake yote ukiitazama, kijana. Alipoona hapewi akaandika. Nothing but the Truth ya 2002 kaitunga mwenyewe kajichezea mwenyewe. Sipho, mtu wa maktaba, mtu mzima anayesubiri kupandishwa cheo, mdogo wake alikimbilia London akawa shujaa wa mapambano, sasa anarudishwa azikwe kumbe ni majivu kwenye chombo. Na huyu kaka aliyebaki nyumbani, aliyelipa gharama zote bila kupigiwa makofi, ana hasira za miaka na hasira zenyewe si za siasa peke yake, ni za wivu, za mwanamke, za baba aliyempenda zaidi mdogo mtu. Kani mwenyewe alipoteza ndugu yake aliyeuawa na polisi, kwa hiyo usidhani ni hadithi ya mbali. Igizo likaingia kwenye masomo ya shule kule kwao, na 2008 akaligeuza kuwa filamu, kaongoza yeye na kacheza yeye. Hapo ndo pa kulinganisha kaka Chale: mtu yuleyule, maneno yaleyale, mara jukwaani mara kwenye kamera. Kwenye filamu ameshusha kila kitu. Hasira ambayo ukumbini ingetakiwa ifike kiti cha mwisho, hapa inaishia kwenye taya.

Halafu wakati watu wa umri wake wanapumzika akaandika Kunene and the King, 2019, Stratford kule Uingereza na Royal Shakespeare Company. Mwigizaji mzungu mwenye ugonjwa usiopona anajiandaa kucheza King Lear ya Shakespeare, muuguzi wake ni mzee mweusi Lunga Kunene, ndo Kani. Mzungu ni Antony Sher, ambaye miaka kumi kabla walishacheza wote The Tempest ya Shakespeare, Sher akiwa mchawi Prospero na Kani mtumwa wake Caliban. Sher alifariki 2021.

Chale_Mbili
Jamani nimechelewa maishani. Swali la mwisho, nimeona mahali wanasema ana jicho la bandia, ni kweli au mambo ya mtandaoni?

Bi_Tungo
Kweli kabisa. Alivyorudi nyumbani kutoka Marekani kwenye ile michezo polisi walimvamia wakampiga wakamwacha wakidhani kafa, jicho la kushoto likaenda. Na 1976 yeye na Ntshona waliwekwa ndani Transkei, moja ya maeneo yaliyotengwa kwa watu weusi, kwa sababu ya Sizwe Banzi, kelele za nje ya nchi zikasaidia wakatolewa. Baada ya hapo wakaendelea kuicheza, na wakairudia tena uzeeni miaka ya 2000, wawili walewale. Ntshona ametutoka 2018.

Mzee_Kipara
Mwanangu Chale usianze na Othello, utasinzia uje kutulaumu. Anza na filamu ya Nothing but the Truth. Ikikukolea nenda Coriolanus ya 2011, ya Ralph Fiennes, humo ni jenerali Cominius, maneno ya Shakespeare lakini na magwanda ya kisasa. Ndo umalizie na Othello. Sizwe Banzi soma kitabu chake, na usome kwa sauti.

Kijana_wa_Reli
na simba wa tsavo je

Mzee_Kipara
Hiyo waangalie simba.