Mrejesho: Nimemaliza Rosa Mistika

Wakuu, mwezi uliopita niliuliza mtu wa miaka 48 ambaye hajashika riwaya tangu amalize shule aanze na ipi, wengi mkasema Rosa Mistika ya Kezilahabi, ile ya 1971. Jamani. Pale mwanzoni Zakaria anampiga binti yake Rosa kisa barua ya mvulana nikafunga kitabu, maana mwaka jana nilikuta meseji kwenye simu ya binti yangu nikamchapa mkanda, na tangu siku hiyo nikiingia sebuleni yeye anahamia jikoni, nikawa nadhani ni heshima kumbe woga. Juzi nimemaliza, jana nikamwita kibarazani nikamwomba msamaha. Hakusema kitu, akanimiminia chai tu. Sasa hivi kitabu anacho yeye, kaweka njiti ya kiberiti pale alipofikia.