Jaji Thurgood Marshall na katiba ya Kenya, ni kweli?

Mama Neema, Ngarenaro:
Shikamooni wakubwa. Binti yangu wa kidato cha tatu amebandika picha ya huyu jaji wa Marekani juu ya kitanda. Jana tukimenya ndizi kaniambia aliandika haki za raia wa Kenya. Kweli?

Karani Mstaafu, Moshi:
Marahaba mwanangu. Kweli kabisa. Januari 1960 alikuwa London, kwenye mkutano wa katiba ya Kenya uliofanyika Lancaster House, akiwashauri wajumbe Waafrika wa Kenya. Akaandaa rasimu ya haki za msingi, na akataka hata Wazungu na Wahindi, waliokuwa wachache, walindwe. Naye mwenyewe ni kitukuu wa mtumwa! Hapo ndipo ninapomheshimu zaidi.

Shuleni Baltimore, akifanya utukutu aliadhibiwa kwa kusomeshwa katiba, mpaka akaikariri. Mama yake aliweka rehani pete ya ndoa ipatikane ada ya kusomea sheria Chuo Kikuu cha Howard. Kama wakili alisimama Mahakama ya Juu ya Marekani mara 32, akashinda 29, ikiwemo ile ya 1954 iliyobatilisha ubaguzi wa rangi shuleni. Akawa jaji Mweusi wa kwanza hapo, 1967 hadi 1991.

Mama Neema:
Pete ya ndoa! Mimi Januari niliuza cherehani kwa ada. Nimelia, mzee wangu. Nimsaidieje huyu mtoto?

Karani Mstaafu:
Pole mama. Likizo mpeleke mahakama ya mwanzo, akae benchi la nyuma asikilize. Baba yake Marshall alipenda kusikiliza kesi, na nyumbani wakibishana mezani. Nawe mbishie.