Mnaomjua mfikishieni: mawese na kadi za Catan, ule mchezo wa mezani, havikai meza moja!!!

Mleta uzi
Wakuu, leo sisalimii mtu. Mnamjua. Simtaji kwa sababu hakuna haja: huku Kigoma Mwanga wanamjua, Ujiji wanamjua, hata dagaa wa Kibirizi wakimwona wanarudi kilindini. Wikiendi nzima ya michezo, vipande 19 vya ubao vimepangwa, namba ziko mahali pake, kinyago cha jambazi kimetulia kwenye kipande cha jangwa. Mtu analetewa migebuka, anamega tonge, analamba kidole kimoja kati ya vitano, HALAFU ANAVUTA KADI.

Na mawese! Yale mekundu yenyewe, yanashuka mpaka kwenye kiwiko!

Angeshika kadi ya kondoo ningemeza hasira. Kadi za mali ziko 95, kila aina 19, doa kwenye kondoo mmoja linaleta shida pale tu jambazi anapochomoa kadi mkononi mwa mtu. Yeye kaenda kwenye rundo la kadi za maendeleo! Rundo lenye kadi 25 tu: askari 14, za alama 5, barabara 2, neema 2, kuhodhi 2. Migongo inafanana yote, na siri ya mchezo iko hapo. Sasa kuhodhi moja ina dole gumba la rangi ya chungwa mgongoni, mistari ya kidole inasomeka mpaka ofisi ya vitambulisho ingemtambua. Ikifika juu ya rundo, mwenye zamu anatoa madini, kondoo na ngano bila kufikiri, anainunua. Zamu yake ikirudi anatamka "ngano", meza nzima inamkabidhi ngano zote. Huo ni mchezo au ni mnada?

Dole gumba. Juu ya kuhodhi.

Halafu akaona doa, akachukua kitambaa KIBICHI akasugua! Kadi ni karatasi zilizogandishwa tabaka kwa tabaka. Maji yakiingia ukingoni inavimba na ngozi ya juu inabanduka. Kwa hiyo sasa tuna doa na kona iliyovimba, ukichanganya rundo kadi inakwama yenyewe pale pale. Hata kipofu anaijua.

Mwana_Gungu
Siti ya mbele. Pole mkuu, ila sahani ya migebuka ilifikaje kwenye meza yenye kadi zisizovikwa kitu?

Bandarini
Mleta uzi punguza machozi, ziwa limejaa vya kutosha.

Fundi_Kadi
Mkuu achana nao, sikiliza. Doa la mawese maji ni marufuku. Laza kadi juu ya karatasi kavu, mwagia poda ya mtoto mpaka doa lisionekane, iache usiku kucha, pangusa kwa brashi laini, rudia. Mafuta mengi yatanyonywa, rangi itabaki. Ndiyo maana lazima uzivike mifuko ya plastiki yenye mgongo usiopitisha mwanga, na uzivike ZOTE 25. Ukivika iliyochafuka peke yake umeitia alama upya.

Bandarini
Poda ya nini? Rangi ya mawese inakufa juani. Anika mchana mmoja tu.

Fundi_Kadi
Anika uone. Rangi ya mawese itafifia kweli, lakini na ya kadi itapauka, na itapinda juu. Utakuwa na kuhodhi inayotikisika mezani.

Mwana_Gungu
Si mtoe kuhodhi zote mbili? Rundo libaki 23, mchezo unaenda vizuri tu, tena watu wanaacha kuogopa kukusanya ngano.

Mleta uzi
Nitoe kadi zangu kwa sababu ya mate na mawese ya mtu?? DOLE GUMBA, jamani. Alilamba kwanza!

Asali_Tabora
Mna bahati nyie. Huku Tabora wa kwetu anakuja na asali ya masega, analamba huku tunacheza Carcassonne, mchezo wa kuunganisha vipande vya ramani. Vipande 72, vinalazwa kifudifudi. Anavuta kimoja vinatoka viwili vimegandana, anatazama vyote, anachagua chenye ukuta wa mji wake, kingine anakirudisha "samahani". Kila zamu samahani!

Bi_Mkubwa_Kasulu
Wa kwetu hana mafuta wala asali, ana paja. Sheria ya Catan inasema dadu zikitoa 7, mwenye kadi zaidi ya 7 anatupa nusu, na ukiwa na 9 unatupa 4. Yeye akiona dadu zinarushwa, kadi mbili ziko chini ya paja, anahesabu 7 kwa sauti.

Bandarini
Dawa yake kadi zote zikae juu ya meza, anayeshusha mkono chini anatupa nusu hapo hapo. Sisi wa kwetu anauziana mbao na jirani yake wakati zamu ni ya mtu mwingine. Biashara lazima ipite kwa mwenye zamu!

Kete64
Ndiyo maana wazee wa Ujiji wako kwenye bao. Mashimo 32, kete 64, zikiingia mawese unaziosha kwa sabuni, maisha yanaendelea.

Asali_Tabora
Bao gani, lile mnaloanza kila shimo kete mbili mbili?

Kete64
Hilo ni la kujifunza! Bao lenyewe nyumba, yaani shimo kuu la kila mchezaji, inaanza na kete 6, mashimo mawili yanayofuata kuume mbili mbili, 22 zinabaki mkononi za kunamua, yaani kuingiza moja moja kila zamu.

Mleta uzi
Wadau, tusihame mada. Kuna mtu Mwanga ana kuhodhi ya ziada?

Bi_Mkubwa_Kasulu
Kuume kwa nani, kwa anayecheza au kwa aliye mbele yake?

Kete64
Kwa mwenye nyumba, Bi Mkubwa. Kila mtu kuume kwake.

Asali_Tabora
Basi yule wa kwetu mwaka mzima anatupangia kinyume. Ngoja nifungue uzi.