Mangwe za mnazi Malindi: urithi au ulevi?

Mtoto wa Shela: Ndugu zangu, kule Prague, Ucheki, kuna nyumba inaitwa U Fleků. Inapika bia tangu 1499, mwaka mmoja tu baada ya Mreno Vasco da Gama kutia nanga hapa kwetu. Mpaka leo bia yao nyeusi hupikwa mumo humo na kuuzwa pamoja na chakula. Wakomunisti waliitaifisha, 1991 ikarudishwa kwa wenyewe, na mji unajivunia. Sasa mangwe zetu, yaani vilabu vya pombe ya mnazi, Ganda mpaka Kakoneni, kwa nini zivamiwe na polisi badala ya kuhesabiwa urithi?

Ustadhi wa Barani: Malindi ni mji wa Kiislamu. Tuna makaburi ya nguzo pale msikitini, tuna magofu ya Gede. Hayo ndiyo ya kuonyesha wageni. Ulevi haututambulishi.

Mkulima Ganda: Mji wa Kiislamu unaishia wapi, maalim? Maana mkitaka kura na mboga mnatuita watu wa Malindi. Kwetu Wagiriama mahari hayatimii bila mnazi, na wazee hawatambiki kwa soda. Misitu ya Kaya, ile mitakatifu ya Wamijikenda, imeingizwa kwenye urithi wa dunia wa UNESCO 2008. Kaulize wazee wa kaya humwaga nini chini wakiomba.

Ustadhi wa Barani: Kura na mboga zimeingiaje? Nimesema pombe, sikumtaja Mgiriama. Usinitilie maneno kinywani.

Mama Nazi: Mnabishana dini, mimi nauza nazi sokoni. Mnazi ukigemwa hauzai, kila karara linakatwa kabla halijafunguka. Halafu mnashangaa tui limekuwa ghali.

Mkulima Ganda: Mama, mgema analipwa kila siku, mara nyingine asubuhi na jioni. Nazi unangoja miezi, kisha dalali anakupangia bei. Ungekuwa wewe ungechagua lipi?

Kijana wa Maweni: Kinachoniuma mimi ni hiki: bia ya Tusker ya 1922, iliyopewa jina kwa sababu ndovu alimuua mmoja wa waanzilishi wake, mnaiita fahari ya Kenya. Mnazi uliokuwepo kabla ya Mreno mnauita uchafu. Tena Mreno mwenyewe asingefika India bila rubani wetu Ibn Majid!

Mwalimu Mstaafu: Ibn Majid hakuwa wetu. Alikuwa mtu wa Julfar, Uarabuni, na wanahistoria wengi siku hizi wanakataa kwamba ndiye aliyemwongoza Vasco. Wanaelekea kwa Mgujarati.

Kijana wa Maweni: Hata rubani mnatunyang'anya! Mfalme wa Malindi ndiye aliyemtoa. Au naye alikuwa Mgujarati?

Mwalimu Mstaafu: Kumtoa si kumzaa, mwanangu. Soma kwanza, ndipo upandishe sauti.

Ustadhi wa Barani: Hapo mwalimu kasema kweli. Ibn Majid alikuwa mwanachuoni, msimfunge na mambo ya mangwe.

Kijana wa Maweni: Nimesoma, tena hapa hapa Malindi. Wazee kama nyinyi ndio mliotufundisha Ibn Majid darasani, leo mnatugeukia.

Mtoto wa Shela: Jamani, mangwe! Sheria ya pombe ya 2010, ile ya mbunge Mututho, iliruhusu hata chang'aa, pombe kali ya kienyeji, mradi itiwe chupani. Tukifunga mnazi kwenye chupa tutapata leseni kama wengine.

Mkulima Ganda: Chupa gani, kaka? Mnazi ukiuziba unaendelea kuchacha humo humo. Wa asubuhi ni mtamu, wa jioni mkali, ukiulaza sana unageuka siki. Sheria hiyo iliandikwa na watu wa kiwanda. Mgema anashuka na kibuyu, wanywaji wanangoja na mirija. Tupewe leseni inayomjua mtu huyo.

Mama Nazi: Leseni hiyo iandike pia ni miti mingapi iachwe izae.

Kijana wa Maweni: Mwalimu, bado sijajibiwa. Huyo Mgujarati alikuwa anafanya nini Malindi 1498, kama si bandari yetu iliyomleta?