Kwa nini ndizi haihesabiwi tunda la mti kwenye baraka za Wayahudi?

kiu_ya_kujua:
Wakuu habari, nimeanza kusoma sheria za Wayahudi za kubariki chakula na kuna sehemu nimekwama. Matunda ya mti yana baraka yake, ha'etz, mazao ya ardhini yana yake, ha'adama, hapo sawa. Sasa ndizi nakuta imewekwa ha'adama pamoja na karoti na viazi! Kwani mgomba si mti? Na mtu akikosea baraka inakuwaje?

mwanafunzi_mishna:
Mkuu usiangalie urefu wa mmea. Wao wanauliza hivi, lile shina lililozaa mwaka huu litabaki lizae tena mwakani? Mgomba ukishatoa mkungu wake ndo basi, shina linakufa yanakuja machipukizi mengine kutoka chini, kwa hiyo kisheria hauhesabiwi mti. Nanasi hivohivo.
Kukosea imeelezwa kwenye Mishna, ule mkusanyo wa kale wa sheria za Wayahudi, kitabu cha Berakhot (baraka) sura ya 6. Ukisema ha'adama kwa tunda la mti umetimiza, maana mti nao umeota ardhini. Ukigeuza, ha'etz kwa zao la ardhi, hujatimiza. Na shehakol, ile ya "vyote vimekuwa kwa neno lake", inatosha kwa chochote ukishaisema, ila tafadhali usiifanye kimbilio, jifunze kila chakula na baraka yake.

mkate_na_chumvi:
Naongezea la mkate maana ndo mzito zaidi. Unanawa kwa kumwagia maji kutoka kwenye chombo, unabariki kunawa, afu kimya mpaka useme hamotzi, yaani baraka ya mkate, na utie tonge mdomoni. Hiyo hamotzi inabeba vyakula vyote vya mlo, divai haimo, ina yake. Baada ya kula ndo Birkat Hamazon, sala ya kushukuru kwa mlo, na mimi hii naipenda kuliko zote kwa sababu imetoka kwenye Torati yenyewe, Kumbukumbu 8:10, utakula na kushiba nawe utamshukuru, wakati zile za kabla ya kula ni agizo la wahenga. Soma mpaka mstari wa 14 uone, anayeonywa asimsahau Mungu ni yule aliyeshiba!

kiu_ya_kujua:
Aisee nimeelewa, asanteni sana. Na aliyeinuka mezani akasahau kushukuru?

mwanafunzi_mishna:
Anarudi pale alipokula anashukuru, mradi chakula hakijasagika tumboni. Wengi wanahesabu dakika 72.