Wakuu msaada: gauni la kanga la avata kwenye Roblox, pindo halikutani ubavuni na mikono imetoka myeupe

DadaMkubwa_Tanga
Habari zenu wakuu. Mdogo wangu ana miaka 11 na Roblox ndo mchezo wake, sasa nilimuahidi Idi hii avata yake (yule mhusika wake wa mchezoni) itavaa kanga kama za kwetu, yenye mji, pindo na jina chini, yaani yale maneno ya kanga. Nimechora siku tatu kwenye simu kwa ibisPaint. Templeti, ile ramani ya visanduku vya nguo, niliipiga skrinshoti nikapaka juu yake, nikamtumia binamu kwa chati aipandishe kwenye laptop yake. Mara ya kwanza ikakataa, eti saizi siyo, nikaikata pembeni mpaka ikafika 585 kwa 559 ikakubali, tukalipa Robux 10, zile pesa za humo Roblox. Kuivaa sasa, mikono myeupe mpaka viganjani kama kavaa glavu, pindo la mbele likifika ubavuni linaruka juu, ua la mkono wa kulia limejificha ndani huku kwapani, na jina halisomeki kabisa. Jina ni "Mgeni njoo mwenyeji apone", bibi yetu alikuwa nayo hiyo. Nakosea wapi jamani, sitaki kumwambia mtoto imeshindikana.

fundi_charahani
Pole dada. Usihangaike na rangi kwanza, shida imeanzia kwenye skrinshoti. Templeti ya shati ni pikseli (vile vidoa vya picha) 585 kwa 559 kamili na kila kisanduku kina sehemu yake, mbele ya kiwiliwili 128 kwa 128, ubavu 64 kwa 128. Skrinshoti inakuja na saizi ya kioo cha simu yako, halafu wewe ukaikata pembeni, kwa hiyo namba imefika 585 kwa 559 ila visanduku vyote vimehama, mchezo unasoma pale pale ubavu unapotakiwa kuwa na kumbe pana kipande cha mbele. Pakua templeti yenyewe kama faili, fungua kanvasi ya 585 kwa 559 tangu mwanzo, templeti iwe leya (tabaka) ya chini na kanga yako leya ya juu, ukimaliza unaificha ile ya chini ndo unahifadhi.

KibokoYaLeya
Na weupe wa mikono ni JPG huo. JPG haibebi uwazi, pale ulipoacha wazi ili ngozi ya avata ionekane panajazwa rangi. Picha ukiituma kwa chati kama picha inabanwa inageuzwa JPG na saizi inapungua. Hifadhi PNG yenye uwazi, kisha itume kama dokumenti, au tumia waya tu.

DadaMkubwa_Tanga
Eeh kumbe! Nilituma kama picha kweli. Na ua la mkono je? Nililiweka kisanduku cha kwanza nikijua ndo mbele.

fundi_charahani
Hapo wengi wanaangukia. Mikono miwili haijapangwa sawa. Mkono wa kushoto kisanduku cha kwanza ndo mbele, ila wa kulia mbele ni kile cha mwisho, yaani pande mbili za mbele zinatazamana katikati ya templeti. Cha kwanza cha mkono wa kulia ndo upande wa ndani, ndo maana ua limeenda kwapani.

Sasa pindo, hapa nakuomba usome taratibu maana ndo uzuri wa kanga wenyewe. Kiwiliwili kinazunguka hivi: ubavu wa kulia 64, mbele 128, ubavu wa kushoto 64, mgongo 128, jumla pikseli 384. Kati ya kisanduku na kisanduku kuna nafasi ya pikseli 2 ambayo haionekani kwenye nguo, ukichora pindo mstari mmoja juu ya templeti unapoteza mbili mbili kila pembe. Mimi nachora utepe pembeni wa 384, urembo mmoja upana 32, unajirudia mara 12 bila kubaki, kisha nakata vipande 64, 128, 64, 128 navibandika. Mwisho wa mgongo lazima ukutane na mwanzo wa ubavu wa kulia, angalia hapo pia.

mama_wawili
Mi ningepiga picha kanga halisi niipachike tu, kujichosha kwa nini.

KibokoYaLeya
Nilijaribu mama, kanga ya mita moja na nusu ukiiminya kwenye pikseli 128 inakuwa tope. Rangi tatu tu za kujazia, mistari minene. Na jina hilo lina herufi 22 na nafasi 3, kila herufi inabaki na pikseli 5 hivi, haliwezi kusomeka. Liweke mistari miwili mgongoni, "Mgeni njoo" juu na "mwenyeji apone" chini, na uzime ulainishaji wa kingo kwenye brashi.

fundi_charahani
Na kabla hamjalipa tena mwambie binamu afungue Roblox Studio, programu ya kutengenezea michezo ya Roblox, kwenye hiyo laptop, ni bure, aweke mwanasesere, amvalishe shati na picha yako, amzungushe pande zote. Kwenye simu Studio haipo. Gauni likishuka miguuni utahitaji na templeti ya suruali, saizi ile ile, usisahau pande za ndani za miguu maana akitembea zinaonekana.

DadaMkubwa_Tanga
Wakuu nimerudi. Nimeanza upya jana usiku, leo tumejaribu Studio mara nne mpaka pindo limezunguka lote bila kukatika, mikono ina rangi yake, jina la bibi linasomeka mgongoni ukisogea karibu. Tumelipa mara moja tu. Mtoto kaivaa kazunguka nayo humo kwenye michezo yake anaonyesha wenzake. Sasa anataka na kanga ya kujitanda kichwani, naichora sehemu gani ya templeti?

KibokoYaLeya
Hongera sana dada! Ya kichwani haimo kwenye shati wala suruali, hiyo ni umbo la 3D, inatengenezwa kwa programu kama Blender. Fungua uzi mwingine, nitakuja.