Stori ya gemu inaandikwa lini hasa?

mwandishi_mpya: Wakuu, nina stori kurasa 60 nataka iwe gemu, sasa inakamilika kwanza ndo madevelopa waanze au mnaenda pamoja?

koda_wa_usiku: Weka pembeni kwanza mkuu. Anza na mchezaji anafanya nini, anaruka, anajificha, anapigana? Stori ifuate hapo. Sisi tulikata leveli nzima ya darajani mwishoni kabisa, na ndo pale mhusika alipokuwa anafia, ikabidi afe kwa sentensi moja ya redio 😂

Pikseli: Kwenye gemu ya Half-Life ya 1998 shujaa haongei hata neno, mengi unayaona mwenyewe unavyotembea. Ila mazungumzo yakishaingia studio kurekodiwa sauti, kubadili mstari mmoja ni kilio.

mwandishi_mpya: Duh. Wangu anaongea kurasa 9 akiwa amekaa tu juu ya jiwe…

koda_wa_usiku: Mpe japo kitu cha kukimbia 😅